Noah, Serena au Stepwgn: Gari Lipi Litaifaa Aila?



Juma lililopita alitujia mama mmoja na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi ya sonara. Bangili nne alizopewa siku ya harusi yake zilikuwa zimeuzwa, na fedha zake zilikusudiwa kuongezwa kwenye akiba ya mumewe ili wanunue gari la watu wanane: watoto watano, mama mkwe ambaye magoti yake hayamruhusu tena kupanda matatu, na wao wawili. "Niambieni," alisema, "ninunue lipi nisije nikajuta?"

Si yeye wa kwanza kutuuliza. Basi leo tumeonelea tulijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa fedha ya namna hii haipatikani mara mbili.

Magari yanayoshindana zaidi kwa aila kubwa hapa pwani ni matatu: Toyota Noah pamoja na pacha wake Voxy, Nissan Serena, na Honda Stepwgn. Ukiyaona yamepangwa kwenye yadi utadhani yametoka kwa fundi mmoja. Sababu yake ni sheria ya Japani. Gari la huko likitaka kuhesabiwa katika daraja la magari madogo halitakiwi kuzidi mita 4.7 kwa urefu, mita 1.7 kwa upana na mita 2 kwenda juu, wala injini yake ya petroli kuzidi sentimita za ujazo 2,000. Waundaji wote watatu wamejibana ndani ya sanduku hilohilo. Kwa hiyo dalali akikuapia kwamba hili ni pana mno kuliko lile, mwache aape; tofauti ni ya vidole viwili. Tofauti zenye maana zimo ndani.

Tuanze na Noah. Umbo la 2007 hadi 2013 haliwezi tena kuagizwa kutoka nje, kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Linalouzwa sasa limeshatumiwa hapahapa nchini. Umbo lililofuata, lililotoka mwaka 2014, lilishushwa sakafu yake, na jambo hili kwa mwenye magoti mabovu lina thamani kuliko taa za urembo na redio kubwa. Bibi huinua mguu mara moja tu akawa ndani. Kiti cha nyuma kabisa hukunjwa kikaning'inizwa ubavuni, mzigo ukapata nafasi. Vipuri vyake vimeenea, na hakuna makanika wa mtaani asiyewahi kuifungua. Kwa sababu hizo Noah haishuki bei upesi, na anayeinunua huulipia umaarufu wake.

Serena ya mwaka uleule kwa kawaida hupatikana kwa bei nafuu zaidi, na waliobuni viti vyake bila shaka walikuwa wazazi. Kile kiti cha katikati cha safu ya pili husogezwa mbele hadi kikawa baina ya dereva na abiria wake, kikageuka meza ya kuwekea vitu, na mama akapata njia ya kupita kumfikia mtoto anayelia nyuma. Lile umbo la 2016 lina mlango wa nyuma unaofunguka nusu ya juu peke yake, kwa hiyo waweza kutia vikapu vya soko hata ukiwa umeegesha karibu na ukuta.

Stepwgn ya mwaka 2015 ina ubunifu wake. Katika ule mlango mkubwa wa nyuma mna mlango mwingine mdogo unaofunguka kwa ubavu kama mlango wa chumba, na kiti cha nyuma huzama chini ya sakafu kisionekane. Kwa wakazi wa Mji wa Kale, ambako kuegesha ni mtihani, hili si dogo. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,500 yenye taboo. Ni nyepesi na ina nguvu, lakini yataka oili safi kwa wakati wake, na vipuri vyake hungojewa zaidi kuliko vya Noah.

Hapa pana mtego ambao wengi hunaswa nao. Noah ya haibridi ya umbo la 2014 ina viti saba tu. Serena ya e-Power iliyotoka mwaka 2018, ambayo injini yake ndogo huzalisha umeme na mota ndiyo inayozungusha magurudumu, nayo ilikuja na viti saba. Aila ya watu wanane ikivutwa na kubana mafuta itajikuta kila siku ikimpakata mtoto mmoja, na mtoto anayepakatwa hana mkanda. Tena, neno "S-Hybrid" lililobandikwa nyuma ya Serena nyingi si haibridi ile mnayoifikiria. Ni jenereta iliyoongezewa nguvu na betri ya pili ya kawaida, na kazi yake ni kuisaidia injini kwa muda mfupi sana gari linapoondoka. Hakuna ubaya ndani yake, ila usikubali kulilipia neno hilo bei ya haibridi kamili.

Sasa tuje kwenye swali la uimara, ambalo ndilo lililomtoa mama yule nyumbani kwake. Injini za petroli za magari haya matatu, zikitunzwa, hudumu. Mahali pa kuogopa ni giaboksi. Yote matatu yana giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua. Mna mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Uhai wa mkanda huo ni oili. Oili ikizeeka au ikipata joto kupita kiasi, mkanda huteleza, chuma kikala chuma, na matengenezo yake huweza kumeza bangili nyingine nne. Nissan ndiyo inayosemwa zaidi kwa jambo hili, na si uzushi mtupu: kule Marekani kampuni hiyo yenyewe ililazimika kurefusha dhamana ya giaboksi za CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010. Hata hivyo, Serena iliyobadilishwa oili ya giaboksi kwa wakati tunaiamini kuliko Noah ambayo mwenyewe hajui hata kwamba ina oili ya giaboksi. Sisi tunashika kilomita 40,000, na oili iwe ileile iliyotajwa na kampuni katika kijitabu cha gari. Fundi anayesema "zote ni moja" mshukuru, uende zako.

Gari lijaribiwe asubuhi likiwa baridi. Gusa boneti kabla halijawashwa. Likiwa na moto, muuzaji amekutangulia. Likiondoka kwa kutetemeka, au injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, liache. Kisha lijazeni watu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mkalipandishe Daraja la Nyali. Wanaoishi Likoni wakumbuke kwamba maji yanapokupwa mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na gari lililovishwa bampa ya chini ya kimichezo litakwaruza kila safari. Inameni pia mtazame chini ya gari. Sehemu za baridi za Japani humwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari lililotoka huko huja na kutu yake, likaikuta hapa chumvi ya bahari ikilingojea.

Na tafadhalini, mwendeni yadi pamoja na mwenye kupanda. Tumechoka kuona wanaume watatu wakizunguka gari, wakipiga tairi mateke, na hali bibi ambaye kwa ajili yake gari linanunuliwa ameachwa nyumbani. Apande, ashuke, apande tena. Mama aketi safu ya tatu dakika kumi aone kama upepo wa kiyoyozi unamfikia, na kama mikanda ya nyuma yote inafunga. Mlango wa kuteleza ujaribiwe na mwenye buibui, kwa kuwa pindo likinaswa kwenye reli yake mwenye kuanguka si muuzaji.

Linabaki jambo la karatasi. Jirani zetu walinunua gari, aina yake hatutaitaja, ambalo mita yake ilisoma kilomita 71,000. Giaboksi ikafa njiani, baada ya Garsen, wakielekea Lamu kwenye Maulid, wakiwa na watoto na mgonjwa mmoja. Baadaye kijana wao alipoitafuta hati ya Japani, aligundua kwamba gari lilikuwa limepita kilomita 140,000 kabla halijapakiwa melini. Muuzaji alipoulizwa alijibu kwamba biashara imekwisha.

Haijaisha. Fiqhi yetu ina mlango mzima unaoitwa khiyari ya aibu. Mwenye kuuza kitu chenye kasoro anayoijua ni wajibu aibainishe, na mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa ana haki ya kurudisha. Lakini haki hiyo hudaiwa kwa ushahidi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ombeni hati ya kufutiwa usajili ya Japani, ambayo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, pamoja na karatasi ya mnada. Katika karatasi hiyo gari hupewa alama. 4 au 4.5 ni nzuri, na herufi R humaanisha kwamba liliwahi kugongwa likatengenezwa. Nambari ya chasisi iliyo kwenye karatasi na iliyo kwenye chuma ziwe moja. Nambari hiyohiyo huonyesha pia katika kurasa za kampuni kama gari liliitwa kubadilishwa mifuko ya hewa ya Takata, ambayo ilirudishwa kwa mamilioni kwa kuwa huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Muuzaji akisema karatasi zimepotea, bei ishuke au mguu utoke.

Wanaopungukiwa na fedha wakaelekezwa kwenye murabaha wahakikishe kwamba benki imelimiliki gari kwanza, kisha ndiyo ikawauzia kwa faida iliyotajwa wazi. Karatasi yenye jina la murabaha juu na riba ndani bado ni riba.

Mama wa bahasha tulimshauri Noah ya petroli ya viti vinane, umbo la 2014, kwa ajili ya sakafu yake na magoti ya mkwewe. Na kama bei ingemshinda, Serena yenye karatasi kamili. Alipokuwa akiinuka tukamuuliza gari litaandikwa kwa jina la nani. Akacheka: "La baba watoto, bila shaka." Tukamwambia kwamba hakuna ubaya, lakini bangili zilikuwa mali yake peke yake, na akizitoa ni ama zawadi, ama mkopo, ama hisa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile inayoamrisha deni liandikwe. Akanyamaza kidogo, akaomba kalamu, akaandika nyuma ya stakabadhi ya sonara kiasi alichotoa na tarehe, akasema atampa mumewe atie saini jioni hiyo baada ya chakula.

Jana amerudi kutuonyesha. Saini zipo mbili: ya mume, na ya mama mkwe kama shahidi.