Baiskeli Mpya na Karatasi Zake

Mtu apitaye asubuhi katika Area 49, upande wa kaskazini wa mji wa Lilongwe, hakosi kuiona baiskeli mpya ambayo bado imevikwa karatasi za kiwandani. Mwenyewe amekwisha kuipanda miezi mitatu, tairi zimekwisha kushika udongo mwekundu, lakini bomba la juu, foki na hata madigadi vingali vimefungwa nailoni kama mkono uliovunjika. Wengine huongeza utepe wa gundi wa rangi mbili, au huchana mpira wa ndani uliochakaa wakauzungusha tangu penye usukani hadi chini ya kiti. Ukiuliza sababu, jibu ni moja tu: isipate mikwaruzo.

Jambo hili lilizua ubishi wa nusu siku baina ya jamaa zangu wawili, mmoja konstebo wa polisi na mwingine mwanajeshi mstaafu. Konstebo alikuwa amenunua baiskeli kwa fedha alizoweka kidogo kidogo, akataka kuifunga yote. Mstaafu akamwambia, "Mwanangu, unaivisha sanda kabla haijafa." Kijana akajibu kwa adabu kwamba mzee alizoea baiskeli za serikali, ambazo zikichubuka hulipa serikali. Niliombwa niamue, nami siku ile nilikwepa. Leo natoa rai yangu kwa askari wote ambao baiskeli ndiyo gari lao la kwendea zamu.

Konstebo ana haki yake. Fremu za baiskeli zetu nyingi ni za chuma, na rangi si pambo tu. Viwanda vizuri hulitia chuma dawa ya fosfeti kabla ya kulipaka, ili rangi ishike na kutu ichelewe. Mkwaruzo ukifika kwenye chuma, maji na hewa hupata mlango; kutu huanza hapo, kisha hutambaa chini ya rangi iliyo nzima mpaka ikavimba na kubanduka. Tangu Novemba hadi Aprili, wakati wa mvua, mlango huo huwa wazi kila siku. Kwa hiyo anayeogopa mkwaruzo si mtu wa kuchekwa.

Lakini je, karatasi inauzuia? Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Nailoni ya kiwandani iliwekwa kwa ajili ya safari ya kasha na gari, si kwa kazi ya kila siku. Ncha zake huachia, vumbi la barabara ya Dowa likaingia, na kwa mtikisiko wa njia vumbi hilo husugua rangi kama msasa. Maji ya mvua na jasho lenye chumvi huingia vilevile, yasipate pa kutokea. Baiskeli iliyo wazi hukauka kwa jua la saa moja. Iliyofungwa hukaa na unyevu wake kwa siku nyingi. Siku mwenyewe anapoifungua kwa fahari, au kwa sababu amepata mnunuzi, hukuta madoa ya kahawia yamepangika kufuata mikunjo ya karatasi.

Tena kuna jambo ambalo polisi hawana budi kulijua kuliko raia. Kila fremu iliyotengenezwa vizuri ina namba iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini penye ekseli ya pedali, au kwenye bomba la kiti. Baiskeli ikiibwa, namba hiyo pamoja na stakabadhi ndiyo shahidi asiyepokea rushwa. Mwenye kuifunga baiskeli yote anamfichia mwizi kazi nusu, kwa maana hakuna atakayeshangaa kuona fremu iliyozungushwa utepe toka juu hadi chini. Nilimwuliza konstebo namba ya baiskeli yake. Hakuijua.

Mzee naye alikuwa na mifano yake. Alikumbusha kwamba mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, Wavietnam walipitisha vyakula na risasi milimani kwa baiskeli zilizobebeshwa kilo 200 na zaidi, na walichoshughulika nacho kilikuwa kuziimarisha fremu kwa vyuma na mbao zisivunjike. Jeshi la Uswisi nalo lilitumia aina moja ya baiskeli, yenye uzito wa kilo zaidi ya 20, tangu mwaka 1905 hadi 1993. Mifano hiyo ni mizuri, ila nilimwambia kwamba jeshi lina karakana na mafundi wake, na konstebo ana mke, watoto na mshahara mmoja.

Wala si konstebo peke yake. Yapata kilomita 40 kaskazini ya Lilongwe iko kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu elfu kumi hivi. Leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika kila kona. Huko baiskeli hubeba maji, unga, makaa, mgonjwa, na abiria wa kabaza. Mwenye kabaza akiifunga fremu yake, haifungi kwa ajili ya maringo. Anajua kwamba siku ya shida ataiuza, na kila mkwaruzo utapunguza bei.

Kwa sababu hiyo yafaa niseme neno ambalo huenda lisipendeze. Mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini walipoamriwa kurudi Dzaleka, kazi ya kuwaondoa iliwaangukia askari. Amri ni amri, na makala hii haiijadili. Lakini katika kazi yoyote ya namna hiyo, au katika msako wa kawaida wa barabarani, baiskeli ikishikwa hutupwa juu ya nyingine ndani ya gari, pedali ya hii ikachimba bomba la ile, kisha hurundikwa uani zinyeshewe. Askari anayelala akiwaza mkwaruzo wa baiskeli yake angeweza kuzisimamisha zile za watu ukutani, moja moja, na kuandika namba zake. Kazi hiyo haichukui nusu saa.

Ama kuhusu rai niliyoombwa, ni hii. Karatasi za kiwandani zitolewe zote siku ya kwanza, na namba ya fremu iandikwe pamoja na tarehe ya kununua. Kisha palindwe pale tu panaposuguliwa: bomba la nyuma linalopigwa na mnyororo, mahali waya wa breki unapogusa bomba la mbele, miguu ya keria, na pale kufuli linapozungushwa. Kipande cha mpira wa zamani kinatosha, mradi kifunguliwe mara kwa mara, pakaushwe, na kirudishwe. Mkwaruzo ukitokea, usuguliwe kwa msasa laini na kupakwa rangi siku hiyo hiyo. Hata rangi ya kucha hufaa, wake zetu wakikubali. Na asisahaulike adui wa ndani: maji hupenya kwenye bomba la kiti na kukaa chini, ambapo hakuna karatasi iwezayo kufika. Kiti kitolewe baada ya mvua kubwa, baiskeli ipinduliwe, na tone la mafuta litiwe humo.

Konstebo alikubali, isipokuwa kwa jambo moja. Bomba la juu amelizungushia kitambaa kinene, naye hataki kulifungua. Nilipotaka kumwanzia upya hotuba ya kutu, akaniambia kwamba hapo ndipo anapomkalisha mwanawe akimpeleka shule.