Kasho ya kampi na boloko ya tribinali: tofauti iko wapi?

Hapa Lubumbashi, askari akikosa kurudi nyumbani siku mbili tatu, bibi yake anauliza kwanza: "Bamutuma kazi, ao bamufunga?" Kama bamufunga, kunabakia swali la pili, na njo ile nguvu: ni azabu ya komanda, ao dosie iko kwa oditora ya kijeshi? Wengi wanachanganya hizi mbili, lakini moja inaisha kwa siku kidogo, ingine inaweza kula miaka.

Azabu ya disiplini ni mambo ya kazi. Askari amechelewa, amelewa, amemukosea mukubwa wake heshima: komanda anaweza kumuonya ao kumulalisha mu kasho ya kampi. Hapo hakuna majistra. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, inayopanga kazi ya wanajeshi wa FARDC, inagusa pia disiplini.

Lakini kukimbia jeshi, kuacha posti ao kuuzisha risasi, hayo ni makosa ya tribinali. Yanahukumiwa kwa sheria mbili za tarehe 18 Novemba 2002, namba 023 na 024. Sheria hizo ziliondoa ile Cour d'ordre militaire ya 1997, yenye ilikuwa inakata maneno bila mutu kuweza kuomba rufaa. Polisi nao wanahukumiwa na tribinali za kijeshi. Ni Katiba inasema, mu kifungu cha 156.

Shida inaingia katikati. Askari anafungwa, juma ya kwanza, juma ya pili. Komanda hasemi kama ni azabu, oditora nayo haijapata dosie. Jamaa inaleta chakula tu, bila kujua inangojea nini. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema mutu aliyekamatwa aelezwe sababu palepale, mu luga anayosikia, na aweze kuonana na jamaa ao avoka. Kukamatwa na polisi ao majeshi kwa uchunguzi kusipite saa 48: baada ya hapo aachiliwe ao apelekwe mbele ya sheria. Na tangu tarehe 9 Julai 2011, kutesa mutu ni kosa mbele ya sheria, hata kama aliyeteswa anavaa tenue.

Wakubwa wa jeshi watasema jeshi haiko kanisa. Ni kweli, na raia wa mu kartie wanajua vizuri askari bila disiplini analeta nini. Mu mwezi wa 7, 2024, kule Butembo, askari 25 walikatiwa kifo juu ya kukimbia adui. Inchi iko mu vita. Lakini tukumbuke Julai 1960: Jenerali Janssens aliwaambia askari wa Force Publique kama uhuru hautabadilisha kitu kwao. Siku chache tu kisha uhuru wakaasi, na hapa Elisabethville pia. Askari anayeona azabu haina kipimo, anaacha kuheshimu mwenye kuitoa.

Kwa hiyo, mama, baba, kama mutu wenu amefungwa, muulize kwa heshima mambo tatu: nani amemufunga, kwa kosa gani, na mpaka siku gani? Kama kuko jibu la siku, ni azabu, mungojee. Kama munaambiwa "dosie iko kwa oditora", mutafute avoka leo, si kesho. Na kama hakuna jibu lolote, pale njo kuna shida, na musinyamaze.