Nyumbani Mwetu: Akiba ya Umeme



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia yetu hapa Lubumbashi alitungoja mlangoni pa kanisa. Alitusalimu kwa adabu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Ndugu zangu, bwana wangu ataka kuiuza cherehani yangu apate kununua jenereta. Mtoto wetu mkubwa atafanya mtihani wa Serikali mwaka huu, na usiku hana mwanga wa kusomea. Lakini cherehani ile ndiyo inayolipa pesa za shule za wadogo zake. Je, nimkatalie?»

Hatukumjibu palepale, kwani shauri la mume na mke halikatwi mlangoni pa kanisa. Jioni tulikwenda kwao, tukaketi na baba, mama na kijana. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mshumaa uliwaka juu ya meza, na kijana alikuwa ameinamia daftari lake hata nywele zikaribie moto.

Baba alisema kwa uchungu: «Nchi yenye mito kama yetu, nasi twakaa gizani!» Maneno yake ni ya kweli. Maporomoko ya mto Lufira yalianza kutoa umeme Mwadingusha mwaka 1930. Mitambo ya Inga ilifuata mwaka 1972 na mwaka 1982, na waya wa kilometa 1,700 hivi ukavutwa kutoka Inga hata Kolwezi. Lakini mitambo imezeeka, migodi yahitaji umeme mwingi, na watu wa mji wameongezeka kupita kiasi. Kwa hiyo mitaa hukatiwa umeme kwa zamu, na mara nyingine zamu hiyo haijulikani itakwisha lini. Kulalamika ni haki yetu, lakini malalamiko hayawashi taa.

Tulimwuliza baba: «Wataka umeme wa kufanyia kazi gani?» Akajibu: «Wa nyumba nzima.» Hapo ndipo kosa linapoanzia. Bwana wetu alitufundisha kwamba mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Basi, tulimwomba kijana achukue kalamu.

Katika ua wa nyumba ile palikuwa na betri ya gari la mjomba, ya volti 12 na saa-ampea 70. Kijana alizidisha: 12 mara 70 ni 840. Hizo ni saa-wati, ndizo chakula kilichomo ghalani. Lakini betri ya gari haikuumbwa kumwagwa yote. Kazi yake ni kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja, kisha kujazwa tena. Ukiikausha mara kwa mara, mabamba yake ya risasi huharibika upesi. Basi usitumie kupita nusu, yaani saa-wati 420. Na ikiwa imechakaa, hesabu pungufu ya hapo.

Kisha aliandika matumizi. Taa tatu ndogo za kisasa za volti 12, kila moja wati 5, ni wati 15. Redio wati 5, na kujaza simu wati 5. Jumla ni wati 25. Kwa saa nne za jioni ni saa-wati 100. Basi, betri nzima yatosha kwa jioni nne, na betri iliyochoka labda kwa mbili. Je, pasi ya umeme ya wati 1,000? Kijana alipiga hesabu, akacheka: ingekula akiba yote kwa dakika 25, na tena ingehitaji kigeuzi kikubwa na waya nene. Baba alilitazama daftari kwa muda mrefu, akasema polepole: «Kumbe mimi nilitaka kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa.»

Hata hivyo, wasomaji wapenzi, betri nayo ina masharti yake. Mara nyingi twaona mafundi wa haraka wakiyasahau, nasi twayaandika hapa ili yakatwe na kubandikwa ukutani.

Kwanza, weka fiuzi karibu kabisa na ncha ya chanya. Kwa taa chache kama hizi, fiuzi ya ampea 5 yatosha. Watu hudharau volti 12 kwa kuwa haziwatetemeshi. Lakini waya mbili zikigusana, betri hutoa mamia ya ampea kwa mara moja, waya huwa mwekundu kama kaa, na nyumba huungua.

Pili, betri isikae chini ya kitanda. Inapojazwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Iweke mahali penye upepo, mbali na mbabula na mshumaa, na mahali ambapo watoto hawafiki. Maji yake ni asidi kali. Yakimrukia mtu machoni, yaoshwe kwa maji safi mengi kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha mgonjwa apelekwe kwa mganga bila kukawia. Betri iliyokufa usiivunje uani, maana risasi iliyomo hudhuru akili za watoto.

Tatu, jaza betri mapema. Wazee wetu husema kwamba akiba haiozi. Lakini akiba hii huoza: betri iliyoachwa tupu kwa majuma hugeuka mzigo wa bure. Sahani ya jua ya wati 50, ikipata jua zuri kwa saa nne au tano, yaweza kurudisha matumizi ya jioni moja kama ile ya kijana wetu. Katikati iwepo rekebisho, yaani kile chombo kidogo kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi.

Je, jenereta ni dhambi? Hapana. Mwenye duka la nyama au chumba cha wagonjwa huihitaji. Lakini baba yule alipoisifu, mama alimkumbusha jirani yao. Usiku wa mvua, jirani huyo aliiingiza jenereta ukumbini asiibiwe. Watoto wakalalamika kuumwa kichwa, mdogo akaanguka. Kwa neema ya Mungu bibi yao aliufungua mlango, nao wakapona. Moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kuliko hewa tunayovuta. Aliyelala haamki. Makaa ya mbabula hutoa sumu hiyohiyo. Jenereta ikae nje, hatua kumi au zaidi kutoka dirishani, hata mvua iwapo, chini ya kibanda kilicho wazi pande zote. Petroli isimiminwe injini ikiwa ya moto.

Tena, yupo mtu achomekaye waya wa jenereta ndani ya tundu la ukutani ili kuwasha nyumba yote. Ole wake! Umeme wake hutoka hata kwenye waya za barabara, na ile transfoma ya mtaa hugeuza volti 220 kuwa maelfu. Fundi aliyepanda nguzo kuwatengenezea watu umeme aguse waya aliodhani umekufa, naye afe. Amri ya tano haikutuambia tu tusichukue panga. Asiyekuwa na swichi ya kubadilisha iliyowekwa na fundi mwenye ujuzi, asithubutu.

Mwisho, umeme ukikatika, chomoa pasi na friji. Pasi iliyosahauliwa juu ya nguo huwaka umeme unaporudi, na wenye nyumba wamelala.

Tulipoaga, baba alimwambia mkewe mbele yetu: «Mama, cherehani yako ibaki.» Mama hakujibu kitu, aliondoa tu mshumaa karibu na kichwa cha mwanawe. Juma lililofuata tulipita njia ile usiku. Mtaa wote ulikuwa giza, lakini dirishani pao palionekana mwanga mdogo mweupe, na kelele ya cherehani ilisikika. Kijana alisoma upande mmoja wa meza, mama alishona upande wa pili.

Wale wanawali watano wenye busara hawakuwa na mafuta ya mji mzima. Walikuwa na mafuta ya taa zao, basi. Nanyi, akina baba, kabla ya kuuza kitu cha nyumbani, mpeni mtoto kalamu ahesabu.