Miti Yetu Tuihesabu Septemba



Kila mvua zinapoanza hapa Dodoma, parokia, shule na vyama vya kitume hupanga siku ya kupanda miti. Miche huletwa, mashimo huchimbwa asubuhi, picha hupigwa, na mwisho hutangazwa idadi: miche mia tano, miche elfu moja. Ni jambo jema. Lakini hesabu hiyo hufanyika Januari, mwezi ambao hata fimbo iliyochomekwa ardhini huonekana kama itachipua. Maoni yangu ni kwamba miti yetu ihesabiwe Septemba. Tukikubali hesabu hiyo, tutabadilisha pia aina ya miti tunayochagua.

Wengi hupenda kuiita Dodoma jangwa. Si jangwa. Tunapata mvua ya kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Shida ni kwamba karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena kwa siku chache za mvua kubwa, kisha hufuata miezi saba ya jua na upepo. Kwa hiyo anayechagua mti asianze kuuliza tunda lake ni tamu kiasi gani. Aulize kwanza: nani ataunywesha mwezi wa tisa, na maji atayatoa wapi?

Sisi wa Makutupora swali hilo linatuhusu kuliko wengine. Visima vya bonde hili vimelinywesha jiji la Dodoma kwa miaka mingi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kumbukumbu za kina cha maji ya ardhini ya hapa, zilizokusanywa kwa miaka 55. Zilionyesha kwamba maji haya hayaongezeki kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua nyingi kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Katikati ya misimu hiyo tunakula akiba. Na tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, wanaoitegemea akiba hiyo wameongezeka sana.

Mahali pasipo na bomba, maji ya mche hutoka kichwani kwa mama au binti mwenye ndoo ya lita 20. Kamati ikichagua mparachichi kwa sababu mjumbe mmoja aliuona umependeza Njombe au Moshi, imempangia binti huyo kazi ya kila jioni bila kumuuliza. Hapo uchaguzi wa mti unakuwa suala la haki. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliiweka busara kuwa fadhila inayoongoza fadhila nyingine, kwa sababu nia njema isiyotazama hali halisi huishia kumuumiza mtu.

Basi tuchague nini? Tuanze na wenyeji. Mbuyu huhifadhi maji katika shina lake na hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mkwaju, mng'ong'o na mgunga vimeishi na ukame huu kabla yetu. Vinatupa ubuyu, ukwaju, matunda, kivuli, na maganda yanayoliwa na mbuzi wakati majani yamekwisha.

Tena, kabla ya kununua mche hata mmoja, tutazame visiki. Mashamba mengi ya Wagogo yana visiki vya miti iliyokatwa ambavyo huchipua kila mwaka na kila mwaka hufyekwa. Hapa Dodoma, Shirika la LEAD Foundation limekuwa likiwafundisha wakulima njia inayoitwa Kisiki Hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unatia alama, unayalinda. Humwagilii, kwa sababu mizizi imeshafika chini. Njia hii ilipata sifa kupitia Tony Rinaudo, mmisionari na mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliyeifanyia kazi nchini Niger tangu miaka ya 1980, mahali pakame kuliko hapa. Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Aristotle kutofautisha kitu kilivyo sasa na uwezo uliomo ndani yake. Kisiki ni mfano mzuri: kwa macho ni kuni, kumbe ni mti unaongoja kuachwa ukue.

Baada ya wenyeji waje wageni waliozoea mazingira. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mzabibu ulishapewa jembe siku nyingi. Uliletwa Dodoma na wamisionari. Leo una kituo cha utafiti hapa hapa Makutupora, TARI, na ukipogolewa na kutunzwa vizuri huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkomamanga, mkunazi na mpera nao huvumilia. Mlonge hutoa mboga ndani ya miezi michache. Mwembe uliobebeshwa utahitaji kunyweshwa miaka ya mwanzo, hivyo tupande michache. Mpapai uwekwe pale maji ya kuogea yanapotokea.

Parachichi na migomba tuwaachie wenye mvua zao. Mikaratusi isisogee karibu na visima.

Wapo watakaosema miti ya asili hukua polepole, na watu wanataka kivuli na matunda sasa. Ni kweli mbuyu tunawapandia wajukuu. Lakini mche uliokufa Agosti haukui haraka wala polepole. Chipukizi la kisiki, kwa kuwa linasukumwa na mizizi ya zamani, mara nyingi huupita mche wa kitaluni. Anayetaka chakula cha mapema ana mlonge na mpapai.

Napendekeza mambo matatu kwa parokia na nyumba za malezi, na yetu ikiwemo. Kwanza, tupande michache kwa maandalizi: mashimo ya sentimita 60 yachimbwe Oktoba, yatiwe samadi, yazungushiwe tuta la nusu mwezi la kukinga maji, na mche ufunikwe matandazo. Pili, kila mche uwe na mlezi anayejulikana na boma la miiba, kwa sababu baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani na mbuzi hawasomi vibao vyetu. Tatu, idadi isomwe katika matangazo ya Dominika ya kwanza ya Septemba: tulipanda mingapi, iliyo hai mingapi.

Tarehe hiyo ina maana kwa Kanisa pia. Mwaka 2015, mwaka wa waraka wa Laudato Si', Papa Fransisko aliiweka Septemba 1 kuwa siku ya kuombea utunzaji wa kazi ya uumbaji, na majira hayo hudumu hadi Oktoba 4, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kwetu ndio wakati ardhi imekauka kuliko wakati mwingine wote. Maadhimisho yetu yasiishie kwenye nyimbo. Tutoke nje tukaone kilichobaki.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba anataka kuukata mtini usiozaa. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, auchimbulie na kuutilia samadi. Huyo hakuomba mche mpya. Aliomba muda na kazi, kwa mti uliokuwepo tayari. Makutupora inahitaji watunzaji wa namna hiyo kuliko inavyohitaji miche elfu nyingine.