MASTAA MNACHEKA NA PAKITI MPYA, HASARA ANAKULA MWENYE DUKA WA JIBONDO

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni. Kaposti video analia eti krispi za utotoni kwake zimefutwa sokoni. Siku mbili mbele kaibuka na pakiti yenye rangi mpya na jina jipya, anacheka, "ujio mpya" kila kona. Mashabiki wakamwaga makopakopa. Hakuna aliyeuliza ndani kuna kipya gani.

Jina la krispi ni nguo tu. Krispi za PepsiCo nchi nyingi zinaitwa Lay's, lakini Uingereza ni Walkers, Misri ni Chipsy, Mexico ni Sabritas. Kubadili nguo si dhambi. Dhambi ni kubadili nguo ili mlaji asione kuwa mwili umekonda: bei ile ile ya jero, upepo mwingi, gramu zimepungua.

Sasa vuka mpaka Jibondo, kile kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe huko Mafia, ambako kwa miaka mingi hata maji ya kunywa watu walikuwa wanakinga ya mvua au wanavusha kutoka kisiwa kikubwa. Boksi la krispi kutoka Dar linapita Nyamisati, linavuka hadi Kilindoni, halafu linapanda chombo kingine. Video ya staa haipandi chombo. Inafika siku hiyo hiyo.

Fikiria mwenye duka pale. Mtoto anaikataa pakiti ya zamani, "hizi feki." Boksi linamdodea. Ikija mpya, mama mtu anaipima mkononi, nyepesi. Mwizi ni nani? Mwenye duka! Staa kashalipwa, kampuni imeuza, yeye kabaki na mzigo na matusi.

Mtasema gramu zimeandikwa. Sawa, na Wakala wa Vipimo wapo. Lakini mtu atalinganisha na nini wakati pakiti ya zamani mmeshaiondoa? Muuza mihogo ya kukaanga akipunguza vipande, mteja anamwambia hapo hapo, "Ongeza bwana." Kampuni utaiambia wapi?

Kama hamna cha kuficha, andikeni mbele kwa herufi kubwa: zamani gramu kadhaa, sasa kadhaa. Maduka yabadilishiwe mzigo wa zamani, hata la Jibondo. Na wewe staa, kabla ya kulia kwenye kamera, weka hiyo pakiti kwenye mizani kwanza.

Wadau, mtaani kwenu pakiti ipi imebadili jina na kupungua? Shusha maoni hapo chini.