Saa ya Geti Italipwa na Nani?

Wakazi wa mitaa ya geti kule Lavington, Loresho na Karen wana jambo moja linalonichosha: wanataka saluni iwafuate nyumbani, lakini mwenye saluni akifika anapokelewa kama mwizi aliyechelewa kuiba.

Rafiki yangu hutengeneza kucha kwenye kibanda cha ghorofani karibu na Moi Avenue. Mimi ndiye humpangia miadi kwa WhatsApp, kwa hivyo hesabu hizi nazijua. Mteja wa Lavington akisema saa nne, huku tao siku imeanza saa mbili na nusu. Mathree ya 46 mpaka Valley Arcade, kisha boda, ambayo inaishia getini. Hapo kuna kitabu: jina, nambari ya kitambulisho, simu, nyumba unayokwenda. Kitambulisho chenyewe kinabaki kwenye droo. Soja anapiga simu nyumbani. Mteja yuko bafuni. Dakika arobaini juani, na sanduku lenye taa ya jeli na chupa za asetoni. Akiruhusiwa, anatembea. Kazi ni saa moja na nusu. Akitoka, sanduku linapekuliwa, na soja anangoja mwenye nyumba aseme kwamba hakuna kilichopotea.

Halafu mteja huyohuyo anauliza mbona bei ya nyumbani inazidi ya tao!

Mtaniambia ni usalama. Sawa, wezi wapo. Lakini kitabu kinakaa wazi mezani na kila anayeandika anasoma simu ya aliyemtangulia. Rafiki yangu ameshapata jumbe za "mambo mrembo" kutoka kwa nambari asiyoijua, jioni ileile. Usalama wa nani huo? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu aambiwe habari zake zinachukuliwa kwa nini, na zichukuliwe zile tu zinazohitajika. Sijawahi kusikia geti likieleza lolote.

Na nchi hii ina historia na karatasi za kuonyesha mlangoni. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, na baada ya vita wanaume Waafrika wakalazimishwa kubeba alama zao za vidole na rekodi ya waajiri, ndani ya kijaluba cha chuma shingoni. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda kumdai nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi wakapigwa risasi. Upande huu wa magharibi ndio Wazungu walikuwa wamejitengea. Leo mwenye nyumba ni Mwafrika mwenzetu, na droo ya vitambulisho ni yake.

Sina ugomvi na soja. Amri si yake, na jioni anarudi Kawangware kwa miguu. (Majengo ya tao yanayoshika vitambulisho nayo nitayafikia siku nyingine.)

Nimebadilisha ujumbe wetu wa miadi. Mteja apeleke jina la fundi getini jana yake. Kitambulisho kitaonyeshwa, hakitaachwa. Malipo yanahesabiwa kuanzia fundi anapofika getini, mpaka anapotoka. Wawili wameshatuhama. Mwingine akajibu kwamba hajawahi kusikia fundi wa kucha akitoza muda wa geti. Basi amesikia.