KUPIGA WINDOWS SIO KUFUTA MAISHA YA MTU! Mafundi wa Kariakoo, leo tuelewane

Wadau wa mjini, leo mastaa wapumzike kidogo, ingawa na wao wamo, tutafika huko. Leo naongea na wewe mwenye laptopu chini ya kitanda, wewe mwenye kompyuta ya mezani ya kuangalizia muvi sebuleni, na wewe fundi wa Kariakoo mwenye flashi moja inayoingia kwenye mashine ya kila mtu. Hii tabia ya "lete nikupigie windows" bila hata kumuuliza mtu ndani kuna nini, imetosha. Imetosha kabisa.

Kwa waliopitwa: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, toleo lililotoka Julai 2015. Mashine yako haikuzimika siku hiyo. Inawaka, muvi zinacheza, Word inafunguka. Kilichokatika ni viraka vya usalama. Tundu jipya likigunduliwa, wezi wa mtandaoni wanalijua, na wewe hakuna anayekuzibia.

Na msidhani hayo ni mambo ya Wazungu. Mei 2017 kirusi kinaitwa WannaCry kilipita kwenye nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili ya watu na kudai pesa, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Waliolizwa ni wale ambao hawakuwa wameapdeti. Kwa hiyo kuhama Windows 10 ni jambo la maana, hilo sibishi.

Ninachobishia ni namna mjini hapa tunavyohamishwa.

Palipo na hofu pana biashara. Pita Aggrey, pita Likoma, kata Msimbazi uje mpaka Posta, sauti utakazosikia ni tatu. Fundi anasema "nifomati fasta, dakika arobaini". Muuzaji anasema "hiyo yako ishakufa bosi, ongeza laki mbili uchukue hii". Na kule Instagram kuna influensa mmoja, jina kapuni, anayewaambia mashabiki zake Windows 10 ni takataka, tupeni, duka la kwenda analo yeye kwenye bio. Wote watatu wanakula. Anayeliwa ni wewe.

Chukua mfano wa prodyuza mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni. Mashine ya studio akampa dogo aipeleke kwa fundi ipigwe Windows 11 kabla ya wikiendi. Ikarudi inang'aa, nyepesi, picha ya ua la bluu kwenye skrini. Diski zote mbili tupu. Vokali za msanii aliyesafiri hazipo. Biti ambazo hazijauzwa hazipo. Kumpigia fundi, jibu likawa hili: "Bosi, uliniambia nipige windows, hukuniambia kuna kazi humo."

Rudia kulisoma jibu hilo. Hapo ndipo ugonjwa wote ulipo. Fundi anaona mashine ni bati na plastiki, kilichomo ndani hakimhusu. Wakati bati lenyewe unaweza kulipata Kariakoo kesho asubuhi, na ile vokali huipati duka lolote duniani.

Na prodyuza angalau ana jina, watu watampa pole. Mwanafunzi wa chuo ambaye utafiti wake wa mwaka wa tatu umefutwa wiki mbili kabla ya kukabidhi, nani anamjua? Mama lishe ambaye picha za marehemu mtoto wake zilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani tu, nani atamwandikia posti?

UONGO WA KWANZA: "Lazima nifomati"

Sio lazima. Kutoka Windows 10 kwenda 11 unaweza kupandisha juu kwa juu, mashine ikiwa imewaka, na ukaambiwa uchague kuacha faili na programu zako zilivyo. Ukimaliza usipoipenda, una siku 10 za kurudi ulikotoka. Na kama Windows 10 yako ilikuwa halali, hulipi leseni.

Alama ya kumjua anayeenda kukufuta ni rahisi. Ulimwambia apandishe, yeye anaizima mashine, anachomeka flashi, anaiwashia kwenye flashi. Hapo hapandishi tena, anaanza upya. Mshike mkono umuulize.

Kwa nini wanapenda kufomati? Kwa sababu ni haraka, foleni inasogea, na elfu kumi au ishirini yake ni ile ile. Haina hila kubwa kuliko hiyo.

UONGO WA PILI: "Mashine yako haikubali"

Zipo zisizokubali kweli. Windows 11 inataka ramu ya GB 4, diski ya GB 64, kichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Kwa Intel, kwa ujumla, ni kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba: i5-8250U, ile 8 ya mbele ndiyo kizazi. i5-4300U ni kizazi cha 4, hiyo hapana.

Lakini kuna mchezo hapa. Mashine nyingi zenye hicho kichipu zimekuja kikiwa kimezimwa tu kwenye BIOS. Kwenye Intel kinaitwa PTT, kwenye AMD kinaitwa fTPM. Kukiwasha ni kazi ya dakika mbili. Mtu asiyejua anaambiwa "haikubali", anaacha laptopu nzima kwa bei ya kutupa na kuondoka na nyingine. Kabla hujatoka nyumbani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, uone mwenyewe. Au shusha programu ya Microsoft ya bure inayoitwa PC Health Check, itakwambia ndiyo au hapana na sababu.

UONGO WA TATU: "Hii tayari ina Windows 11, orijino"

Wanunuzi wa used za Dubai na Ulaya, hapa ndipo mnapopigwa. Unauziwa EliteBook 840 G1, mashine ya kizazi cha 4, ya enzi za 2013, na kweli ukiiwasha ni Windows 11. Imeingizwa kwa kuruka ukaguzi. Microsoft wenyewe wameandika kwamba mashine isiyokidhi vigezo haina uhakika wa kupata apdeti. Yaani umekimbia Windows 10 isiyo na viraka, ukaenda kulipia Windows 11 ambayo viraka vyake ni bahati nasibu. Ile 840 ukianzia G5 ndipo unapokutana na kizazi cha 8, na hata hapo soma namba ya prosesa kabla hujatoa hela.

Halafu kraki. Laptopu nyingi zilizokuja na Windows kiwandani tangu enzi za Windows 8 zina leseni yake ndani ya mashine. Fundi anaingiza toleo ambalo halilingani na leseni hiyo, kisha anazima ulinzi wa virusi ili kraki yake ipite. Mlinzi wa getini umemfukuza kazi kwa hela yako mwenyewe. Kwenye mashine hiyo hiyo unaingilia benki.

SASA TUFANYEJE?

Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andaa mashine nyumbani kabla hujapanda daladala.

Moja, toa nakala ya kila kitu chako: picha, kazi za chuo, projekti za muziki, mahesabu ya duka, na vile vilivyorundikwa kwenye desktopu na kwenye vilivyoshushwa. Nakala mbili, sehemu mbili. Moja kwenye diski ya nje, nyingine mtandaoni au kwa ndugu unayemwamini. Kariakoo tunajua hili kuliko mtu yeyote: moto wa tarehe 10 Julai 2021 ulipounguza soko kuu, aliyekuwa na mzigo wote pale alibaki na funguo mkononi.

Mbili, ifungue hiyo nakala kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Tatu, andika paswedi zako, akaunti zako, na orodha ya programu unazotumia. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta ule ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi. Ukigusa BIOS ukaombwa ufunguo huo na huna, hata fundi bora wa Likoma atakupa pole tu.

Nne, hakikisha umeme. Wengi wetu betri zilishakufa, tunaishi kwa chaja. Kama LUKU inasoma uniti mbili, usianze leo.

Tano, kama mashine kweli haikubali, bado hujafa. Mashine ya nyumbani ya Windows 10, toleo la 22H2, inaweza kusajiliwa kupata viraka mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Ukiruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft hulipi, usipotaka ni dola 30. Baada ya hapo kuna Linux Mint na Ubuntu, bure kabisa, zinakimbia vizuri kwenye mashine za zamani. Kwa kuandika, muvi na intaneti zinatosha. FL Studio na Photoshop usizitarajie kule.

Najua komenti zinazokuja. "Bando ghali." Kweli, faili la Windows 11 linazidi GB 5. Ndiyo sababu mshushe mmoja pale geto, kwenye saiti ya Microsoft, mtumie wote. "Mafundi wale wapi?" Wale hapo hapo! Kariakoo kuna vijana wanafufua diski iliyokufa na kubadilisha kichipu kwa mkono mtupu, nawavulia kofia. Hao wanauliza kwanza ndipo wanagusa. Wanaochafua jina la hao ni wale wa flashi na haraka.

"Mimi sina cha kuficha." Ah wapi. Kila picha ya mtu maarufu ikivuja mjini hapa, komenti za kwanza zinajulikana: "Koneksheni wadau." Tunamcheka dada wa watu siku tatu. Hakuna anayeuliza mashine yake ilikuwa mezani kwa nani wiki iliyopita na nani alifungua folda isiyomhusu. Nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Fundi kupewa mashine atengeneze hakumpi ruhusa ya kuangalia picha zako, achilia mbali kujinakilia. Dada zangu, kaka zangu, vya siri vitoe kabla mashine haijatoka mlangoni, na kama unaweza, kaa hapo hapo kwenye benchi mpaka kazi iishe.

Na kwenu mafundi, ombi langu ni fupi. Bandikeni karatasi ukutani, maswali matatu kabla ya kugusa mashine ya mtu: Ndani kuna kazi? Una nakala? Nipandishe au nifute? Mteja ajibu, asaini. Mkikuta hana nakala, mtozeeni ya kumtolea, hiyo ni hela halali na hakuna atakayelalamika.

Wewe mteja, fundi asiyekuuliza hata moja kati ya hayo, beba laptopu yako, sema asante, vuka barabara. Kariakoo haijawahi kuishiwa mafundi.

Haya, uwanja wenu. Nani alishafutiwa mashine na akaambiwa "hukuniambia"? Shusha hapo chini, majina ya mafundi tuyaache.